Fundi mwenye pesa kidogo, anza na msumeno wa mkanda

Ukiacha soko la Kituku nyuma yako na kupanda kuelekea Kyeshero, utawasikia mafundi wa mbao kabla ya kuwaona. Kila baada ya nyumba chache kuna kijana aliyefunga mota chini ya meza ya chuma, akaweka diski ya msumeno juu yake, na sasa anapasua mbao uani huku watoto wakipita na madumu ya maji ya ziwa. Hizi si karakana zenye bango na geti. Ni ua wa nyumba ya kupanga, bashi limefungwa juu kuzuia mvua, na mbao zimeegemezwa ukutani. Hapo ndipo vinapotoka vitanda, viti, milango, madirisha na sehemu kubwa ya nyumba za mbao ambazo mji wa Goma umejenga juu ya mawe ya volkano.

Mafundi hawa wakipata akiba kidogo huuliza swali moja: mashine ya kwanza iwe ipi? Jibu la mtaani linajulikana. Ukiwa na pesa nyingi, nunua ile mashine kubwa ya kazi zote inayoitwa kwa Kifaransa combinée. Ukiwa na pesa kidogo, tafuta mota, nenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akutengenezee meza ya msumeno wa duara. Mimi nafanya kazi hii kwa miaka mingi, na nasema majibu hayo yote mawili yanatugharimu. Fundi wa nyumbani mwenye pesa kidogo aanze na msumeno wa mkanda, ule ambao shuleni tulifundishwa kuuita scie à ruban. Tena anunue uliotumika, wa chuma kizito, wa ukubwa wa kati, na ajue kuukagua.

Najua wengi hawatakubali. Naomba wanisikilize kwanza.

Kosa langu la kwanza

Baada ya mlima Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya familia zilipoteza nyumba upande wa Buhene na vijiji vya jirani. Kazi ya mbao iliongezeka. Nilikuwa nimeweka akiba ya dola 1,400, nikaona wakati wangu umefika. Nilimfuata muuzaji wa vifaa vilivyotumika, akanionyesha combinée ya kijani inayong'aa. Ilikuwa na randa, msumeno wa duara, na sehemu ya kutoboa. Akaniambia: "Papa, hii iko mupya kabisa, angalia rangi yake." Nikaangalia rangi. Nikalipa.

Ilipofika nyumbani ndipo fundi wa umeme aliposoma kibati cha mota. Zilikuwa mota za fazi tatu. Kwangu, kama kwa nyumba nyingi za mtaa huu, umeme unaingia kwa fazi moja. Tulizibadilisha nyaya na kuongeza kondensa ili mota zizunguke, lakini nguvu ilipungua. Nikisukuma mbao ngumu, mashine inanguruma na kusimama. Nikiiwasha jioni, taa za jirani zinafifia na mama mwenye nyumba anabisha mlango. Kwa mwaka mzima nilitumia sehemu ya randa tu, na mbao ndefu niliendelea kuzipeleka kupasuliwa kwa mwenzangu mwenye meza ya diski.

Siku moja nilimkuta mwenzangu huyo amekaa chini, mkono umefungwa kitambaa. Mbao ilikuwa imebana diski ikarudi nyuma kwa nguvu, mkono ukavutwa. Vidole viwili vilikwenda. Alikuwa na miaka 26 na kitanda cha bibi harusi mmoja kilikuwa hakijakamilika.

Sisemi haya kumlaumu yeyote. Muuzaji aliuza alichokuwa nacho, na mimi sikuuliza. Nasema tu kwamba makosa haya mawili, la kununua mashine kubwa kuliko umeme wako na la kutegemea diski isiyo na kinga, nimeyaona yakirudiwa katika nyua nyingi tangu hapo.

Mbao inayogeuka unga

Tuanze na mbao, maana ndiyo inayokula pesa ya fundi kila wiki. Mashine unanunua mara moja. Mbao unanunua kila siku, na tangu barabara za Masisi na Rutshuru ziwe za wasiwasi, bei yake haina huruma.

Diski ya kawaida ya kupasulia hula karibu milimita 3 za mbao kila inapopita. Mkanda wa msumeno wa mkanda ni mwembamba, hula milimita 1 au kidogo zaidi. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka uihesabu. Pasua ubao mnene mara 10 kwa diski: sentimita 3 zimekuwa unga. Huo ni unene wa ubao mzima wa inchi moja, na zaidi. Fanya kazi hiyohiyo kwa mkanda: umepoteza karibu sentimita 1. Fundi anayepasua mikaratusi kila siku kwa ajili ya fremu za madirisha anajua maana yake. Kila baada ya kazi chache, ubao mmoja unabaki mkononi badala ya kufagiliwa.

Kuna jambo la kina pia. Diski yenye upana wa milimita 250, ambayo ndiyo iko kwenye meza nyingi za mtaani, inafika kina cha sentimita 8 hivi. Ukitaka kupasua ubao mpana zaidi, lazima uugeuze na kupasua upande wa pili, na mara nyingi mistari miwili haikutani. Msumeno wa mkanda wa ukubwa wa kati hupasua kimo cha sentimita 15 kwa mara moja. Maana yake unaweza kununua gogo dogo au ubao mnene, ambao ni rahisi kwa bei, na kuupasua mwenyewe kuwa mbao nyembamba unavyotaka.

Halafu kuna kazi ambayo diski haiwezi kabisa: kukata mviringo. Mgongo wa kiti, kichwa cha kitanda, mguu wa meza wenye umbo, mbavu za mtumbwi. Fikiria tshukudu, chombo ambacho mji wetu umekisimamishia sanamu ya dhahabu katikati ya barabara. Magurudumu yake ya mbao yanachongwa kwa panga na tezo, kwa muda mrefu na jasho jingi. Kwa msumeno wa mkanda, gurudumu la tshukudu linakatwa kwa dakika chache, na la pili linafanana na la kwanza.

Vidole na umeme

Msumeno wa mkanda si kitu cha mchezo. Wauza nyama wa miji mikubwa hutumia mashine ya aina hiyohiyo kukatia mifupa, kwa hiyo usidhani utakuonea huruma. Lakini kuna tofauti moja kubwa na diski. Meno ya mkanda yanashuka chini wakati wote, yanaikandamiza mbao juu ya meza. Hayana njia ya kuishika mbao na kukurushia kifuani. Mkanda ukikatika, kwa kawaida unabaki ndani ya vifuniko vyake ikiwa vimefungwa. Hatari inayobaki ni ya mkono wako mwenyewe kuufuata mstari mpaka kwenye meno, na hiyo unaizuia kwa kijiti cha kusukumia na kwa kushusha kinga mpaka karibu na mbao.

Kuhusu umeme, Goma imepiga hatua ambazo hatukuwa nazo zamani. Bwawa la Matebe la Virunga lilizinduliwa mwishoni mwa 2015, na mwaka 2020 Nuru iliwasha mtambo wake wa jua wa megawati 1.3 hapahapa mjini. Hata hivyo, fundi wa uani bado analipia umeme kabla ya kuutumia, na waya unaoingia kwake umewekwa kwa ajili ya taa, televisheni na pasi. Msumeno wa mkanda wa ukubwa wa kati unaendeshwa na mota ya nguvu moja ya farasi, yaani karibu wati 750. Mashine kubwa ya kazi zote inataka nguvu tatu au zaidi, na mota yoyote wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapozunguka. Ndiyo maana taa za jirani zinafifia.

Vita vya mwishoni mwa Januari 2025 vilipokata nyaya, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme. Fundi mwenye mota ndogo anaweza kuazima jenereta ya kawaida na kumaliza kazi ya mteja. Mwenye mota kubwa alisubiri.

Kununua kwa macho na kwa mikono

Sasa tuje kwenye kununua kwenyewe. Mashine hizi zinafika kwetu kwa njia tatu. Kuna mpya ndogo zinazotoka China. Kuna zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Na kuna zilizotengenezwa na mafundi wa vyuma wa Uganda na Kenya. Kila njia ina nzuri na mbaya zake, kwa hiyo usinunue nchi wala jina. Kagua mashine iliyo mbele yako.

Kwanza, ukubwa. Msumeno wa mkanda hutajwa kwa upana wa magurudumu yake. Zile ndogo za kuweka juu ya meza, zenye magurudumu ya inchi 8 au 9, zinavutia kwa bei, lakini gurudumu dogo linakunja mkanda kwa ukali, nao unachoka na kukatika mapema. Tena kimo chake cha kukata ni kidogo. Zile kubwa za viwanda, zenye magurudumu ya sentimita 70 au 80, ni mashine nzuri sana, lakini nyingi zina mota za fazi tatu na hutaweza kuzipitisha kwenye kichochoro chako. Kwa karakana ya nyumbani, tafuta inchi 14, yaani sentimita 35 hivi. Kama inapatikana ya inchi 16 na mota ni ya fazi moja, ni bora zaidi.

Pili, soma kibati cha mota kabla ya kusikiliza bei. Kitafute hata kama kimepakwa rangi, kikwangue kwa kucha. Umeme wetu ni volti 220 na hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inaweza kuwa ya volti 110, na hiyo itakuletea gharama ya transfoma. Fazi ziwe moja. Kibati kikiwa hakipo kabisa, mwite fundi wa umeme unayemwamini, umlipe nauli yake, aje aikague. Nauli hiyo ni ndogo kuliko niliyopoteza mimi.

Tatu, umeme ukiwa umezimwa, fungua vifuniko na uzungushe gurudumu la juu kwa mkono. Liangalie kwa upande: likiyumba kulia na kushoto kama gurudumu la baiskeli lililogongwa, achana nalo, au upunguze bei sana. Sikiliza beringi. Zikilia kama mchanga uko ndani, zimekwisha, ila usiogope mno, kwa sababu beringi zinabadilishwa na nyingi zinapatikana kwa wauza vipuri vya pikipiki na magari. Kisha angalia mpira uliozunguka gurudumu. Ukiwa umepasuka au umekauka, mkanda hautakaa mahali pake. Mpira nao unabadilishwa, lakini uuhesabu kwenye bei.

Nne, tafuta nyufa. Fremu ya chuma cha kuyeyushwa ikipasuka, hakuna dawa ya uhakika. Kuchomelea chuma cha aina hiyo ni kazi ngumu, na mashine ikikazwa mkanda ufa utarudi. Angalia hasa shingo ya mashine, ile nguzo inayoshika gurudumu la juu, na pale meza inapofungwa. Rangi mpya iliyopakwa kwa brashi mahali pamoja tu inaficha jambo.

Tano, kaza mkanda. Kila msumeno una skrubu ya kupandisha gurudumu la juu ili mkanda ukazike, na nyingine ya kuliinamisha kidogo ili mkanda ukae katikati. Zote mbili zizunguke bila kukwama. Vishikio vinavyouongoza mkanda juu na chini ya meza viwepo. Vikiwa vimelika si neno, hata vipande vya mti mgumu uliolowekwa mafuta vinaweza kufanya kazi yake.

Sita, na mwisho, omba uone mashine ikikata. Muuzaji anayesema "umeme haupo leo" mara tatu mfululizo anakueleza kitu.

Mimi mwenyewe niliuza ile combinée kwa hasara. Nikapata msumeno wa mkanda wa inchi 14, mzee kuliko mimi, rangi yote imebabuka, kwa dola 380. Beringi mbili na mpira mmoja nilibadilisha. Hadi leo unafanya kazi.

Mkanda ndio roho

Wapo wanaonunua mashine nzuri kisha wanaitupa pembeni kwa sababu mkanda ulikatika na hawakupata mwingine. Hili ndilo pingamizi kubwa ninalosikia, na lina ukweli wake. Msumeno wa mkanda bila mkanda ni kabati la chuma.

Historia yenyewe inatufundisha hapo. Mwingereza William Newberry alibuni mashine ya aina hii mwanzoni mwa karne ya 19, lakini haikufaa kazi kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyejua kuunganisha ncha mbili za mkanda zisikatike. Ni mwanamke Mfaransa, Anne Paulin Crépin, aliyepata hati ya ubunifu wa njia ya kuziunganisha mwaka 1846. Baada ya hapo ndipo mashine ikaenea duniani. Tangu mwanzo, basi, shida haikuwa mota wala magurudumu. Ilikuwa kiungo cha mkanda.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, pima urefu wa mkanda unaotakiwa, halafu uulize dukani kama upo. Kupima ni rahisi. Chukua umbali kutoka katikati ya gurudumu la juu hadi katikati ya gurudumu la chini, uzidishe kwa 2. Chukua upana wa gurudumu moja, uzidishe kwa 3.14. Jumlisha. Magurudumu ya sentimita 35 yenye umbali wa sentimita 63 kati yao yanataka mkanda wa karibu sentimita 236. Andika namba hiyo kwenye simu yako na usinunue mkanda bila kuiangalia.

Mikanda ya kuanzia iwe miwili. Mmoja mpana wa milimita 12 au zaidi, wenye meno makubwa machache, 3 au 4 kwa inchi, kwa ajili ya kupasua. Wa pili mwembamba wa milimita 6, kwa ajili ya mviringo. Mkanda wa milimita 6 unaweza kukata kona yenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi. Wa milimita 12 unataka kama milimita 64. Ukiulazimisha kukunja zaidi, unaupinda na kuukata. Kumbuka pia kwamba angalau meno matatu yawe ndani ya mbao wakati wote, kwa hiyo mbao nyembamba inataka meno madogo.

Mkanda uliokatika usitupwe. Ncha zake husagwa kwa mshazari, zikalaliana, kisha zikaunganishwa kwa fedha na moto mdogo, kama sonara anavyounganisha cheni. Nilijifunza kwa kuharibu mikanda mitatu. Sasa mkanda mmoja naurudisha kazini mara mbili au tatu kabla haujachoka kabisa. Na jioni ukimaliza kazi, legeza mkazo. Mkanda unaolala umekazwa unazeeka bure, na mpira wa gurudumu unabonyea.

Wanaosema hapana

Wenzangu wengine wananiambia mkanda hauachi uso laini. Ni kweli. Mbao iliyotoka kwenye mkanda ina mistari, lazima ipigwe randa. Lakini hata mbao ya diski inapigwa randa kabla mteja hajaiona. Kama huna randa ya umeme, piga kwa mkono, au mpelekee mwenye combinée mbao zilizokwisha kupasuliwa, umlipe kwa kazi ya randa tu. Ni rahisi kukodi randa kwa saa moja kuliko kukodi kupasua kwa siku nzima.

Wengine wanasema kwa milango na madirisha, ambavyo vinataka mistari mirefu iliyonyooka, diski ina kasi zaidi. Hilo nalo ni kweli. Aliye na kazi ya milango 50 ya shule na wafanyakazi wanne anajua anachohitaji, na makala hii si yake. Mimi nazungumza na yule wa uani, ambaye leo ana kitanda, kesho meza, keshokutwa kiti cha mzee wa kanisa. Huyo anahitaji mashine moja inayofanya kazi nyingi kwa umeme mdogo.

Wa tatu wanasema meza ya diski ya kienyeji ni rahisi zaidi. Siku ya kwanza, ndiyo. Lakini ihesabu pamoja na mbao inayogeuka unga, na uihesabu pamoja na mkono. Fundi wa mbao asiye na vidole anauza nini?

Na kwa wote, wa diski na wa mkanda: unga wa mbao si vumbi la kawaida. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka mwaka 1995 kwenye kundi la vitu ambavyo ni hakika vinasababisha saratani kwa binadamu. Barakoa zile tulizozoea wakati wa Ebola na korona zisitupwe. Na watoto wasicheze kwenye rundo la unga.

Pesa itoke wapi

Dola 400 au 500 si pesa ndogo Goma ya leo. Tangu M23 iuteke mji mwishoni mwa Januari 2025, benki za biashara zilifunga milango, noti zikawa adimu, na mkopo wa benki, ambao fundi wa uani hakuwa akiupata kwa urahisi hata zamani, haukuwa tena jambo la kuzungumzia. Kilichobaki ni kile ambacho mama zetu wa soko la Kituku hawajawahi kukiacha: likelemba, MUSO na vikundi vya AVEC. Mama anayeuza ndizi na mihogo inayoshuka kutoka kwenye mashua anajua kuweka kidogo kila wiki mpaka zamu yake ifike. Sisi mafundi, ambao mara nyingi tunapokea zaidi kwa siku moja kuliko yeye kwa wiki, tunamaliza pesa kabla ya Jumapili.

Pendekezo langu ni hili. Mafundi watano wa avenyu moja waweke dola 5 kila mmoja kila wiki. Hizo ni dola 25 kwa wiki, dola 400 kwa wiki 16. Katika miezi minne, msumeno wa kwanza umefika. Wausimike kwa mwenye umeme wa uhakika, waandike kwenye daftari nani anautumia siku gani, na kila anayeutumia aweke kitu kidogo cha mkanda. Wakiendelea, baada ya mwaka na nusu kila mmoja anaweza kuwa na wake. Wakikubaliana kununua mashine za ukubwa mmoja, watanunua mikanda pamoja na kuazimana vipuri.

Pia naviomba vituo vinavyofundisha useremala, kuanzia Don Bosco Ngangi hadi vile vidogo vya makanisa, viongeze somo moja tu kwa vijana wanaokaribia kuhitimu: jinsi ya kukagua na kununua mashine iliyotumika. Kijana anayeondoka akijua kuunda kiungo cha mbao lakini hajui kusoma kibati cha mota atadanganywa wiki ya kwanza, kama nilivyodanganywa na macho yangu mwenyewe.

Mwenzangu aliyepoteza vidole alirudi kazini. Anapima na kuchora, mdogo wake anakata. Mwaka jana tuliingia naye kwenye kikundi, na zamu yake ilipofika alinunua msumeno wa mkanda. Kabla ya kulipa alifungua vifuniko, akazungusha gurudumu kwa mkono wake uliobaki mzima, akainamisha sikio. Muuzaji akamwambia mashine iko mpya, aangalie rangi. Akamjibu: "Rangi nitapaka mwenyewe, papa. Washa umeme tuone."